Mzee Kipara Hajawahi Kutazama Kulia

Jumatatu, 2 Septemba

Tumetoka kwa daktari wa macho. Jicho la kulia la Baba limekwisha, hilo tulilijua. La kushoto lina mtoto wa jicho, na presha ya jicho juu yake. Upasuaji ni Alhamisi ya tarehe kumi na tisa. Daktari hakutupambia maneno: jicho linaweza kufunguka, linaweza kuzimika kabisa. Tukiliacha litazimika tu. Kwa hiyo hakuna cha kuchagua.

Nilidhani Baba atauliza kama inauma. Wapi! Tulipofika nje kanishika mkono, kachomoa sarafu yake mfukoni — ile ile — akasema kabla ya siku hiyo anataka kujua huyu mtu ni nani. Amekaa naye mfukoni tangu ujana wake kwenye karakana ya injini za meli. Aliachiwa na fundi mwenzake, mgeni wa mbali, siku ya kuagana. Fundi alimwambia ni sarafu ya Warumi wa kale, basi. Hakusema ya nani. Baba anasema haiwezekani ukae na mtu miaka yote hiyo, kisha uingie gizani hujui hata jina lake.

Nyumbani tunamwita Mzee Kipara. Sarafu yenyewe ndogo kama kifungo cha shati, nyeusi, imelika hadi imekuwa laini. Upande mmoja kuna kichwa — ukishaambiwa kwamba kuna kichwa. Upande wa pili kuna meza. Baba ndiye aliyeamua zamani kwamba ni meza, na chini yake vyungu viwili. Hakuna aliyewahi kumpinga.

Nimesema nitajaribu. Mimi, fundi wa meno bandia! Warumi nawajulia wapi? Lakini namshukuru Mungu ameniomba kitu cha kushika mkononi. Angeniomba nisiogope, ningeshindwa.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeipeleka sarafu kazini. Nimeilaza chini ya kioo cha kukuzia, nimewasha taa zote. Sioni kitu. Kutu imepiga madoa ya kijani na ya kahawia, jicho linafuata madoa badala ya kufuata umbo.

Nikachukua brashi na unga wa kung'arishia meno. Bosi kanichapa kofi mkononi! Amesema lile si gego la mteja, nikisugua nitamsugua na uso wake wote, na Baba yangu nitamwambia nini? Niliweka brashi chini. Bosi ana maneno makali, lakini leo ameniokoa. Nikifikiria nilivyokuwa karibu — sekunde tu — mwili unasisimka. Asante, Bosi, ingawa sitakwambia usoni. Utavimba kichwa.

Jumatano, 4 Septemba

Saa ya chakula nilikimbia makumbusho. Wana chumba kidogo cha nyuma, makabati ya droo nyembamba toka chini hadi juu, na dada mmoja mwenye miwani shingoni na kikombe cha chai kilichopoa. Yeye ndiye anayeshughulika na sarafu za kale. Nilijua ataniona kichaa. Hakuniona kichaa! Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye dirisha, akaguna. Amesema imechakaa vibaya lakini haijafutika yote. Akanirudishia — hakutaka ilale kwake bila mwenyewe — akaniambia nimpigie picha nzuri, mwanga utoke ubavuni. Hakuahidi kitu.

Narudi kazini ndipo wazo likanijia. Picha ya nini, na mimi kazi yangu ni kunakili vinywa vya watu?

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeikandamiza sarafu kwenye ule uji mzito tunaopimia fizi. Ule uji hauachi kitu. Ukiwa na ufa kwenye jino usioujua wewe mwenyewe, uji unaujua. Ulipoganda nikaibandua sarafu taratibu na — jamani! Kichwa! Rangi moja tu, hakuna doa la kumchanganya mtu. Pua ipo. Kidevu kipo. Kuna kitu kichwani, kofia sijui taji. Huyo Mzee hana kipara hata kidogo!

Nilipiga kelele mpaka Bosi akaja na koleo mkononi. Nikapiga picha pale pale, taa nimeilaza pembeni, nikaituma kwa dada wa makumbusho. Nilituma kichwa tu. Meza ya nini? Baadaye nilimimina plasta ndani ya ule uji ulioganda, nikaiacha ikauke rafuni, kwa mazoea.

Jumamosi, 7 Septemba

Nyumbani kwa Baba. Nimewaambia kuhusu taji. Baba amefurahi kama mtu aliyesikia nduguye kapanda cheo. Anasema siku zote alijua Kipara si mtu wa hivi hivi.

Ma'mdogo alikuwa anamtilia dawa ya matone. Akasema afadhali huyo mfalme ahamie kwangu, kwa sababu kila shati la humu ndani limetoboka mfuko na anayeshona ni yeye. "Mwenye macho haambiwi tazama," akaongeza, "lakini huyu wenu hata akiambiwa, hatulii. Tulia, baba, dawa inaingia sikioni!" Baba akacheka mpaka dawa ikaingia kweli sikioni.

Niliwatazama. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka mitatu, kaka mitano. Ma'mdogo aliolewa akaingia kwenye nyumba hii akiwa msichana tu, akatukuta sisi wawili tumekodoa macho mlangoni. Hakujaliwa wa kwake. Sijui kwa nini nayaandika haya leo. Pengine ni vile nilivyomwona akihesabu matone, akikosea anaanza upya, naye anajifanya hajakosea.

Jumatatu, 9 Septemba

Dada wa makumbusho amejibu. Amenisifu kwa picha, anasema hajawahi kuletewa safi namna ile. Lakini hampati mtu. Anaona kichwa kinachotazama kulia, kimevaa kitu. Amepekua wafalme wote wa Kirumi wanaotazama kulia, na wako wengi mno, karibu wote wanatazama huko. Pua hailingani. Kidevu hakilingani. Akauliza nyuma kuna nini. Nikamwandikia: meza, na vyungu viwili chini yake.

Akaandika kwamba meza ya namna hiyo haijui, atauliza wenzake. Maskini. Anahangaika na sarafu ya mtu asiyemjua, na hakuna anachopata. Mungu amlipe.

Jumatano, 11 Septemba

Kazi nyingi. Meno ya juu ya babu mmoja anayetaka kuonekana vizuri kwenye picha za harusi ya mjukuu wake. Alirudi kulalamika yanapiga filimbi akisema "asante". Nimeyakwangua kidogo, yakanyamaza.

Makumbusho kimya. Siku zinakwenda.

Ijumaa, 13 Septemba

Leo nimecheka, nimelia, nimetamani ardhi inimeze. Vyote kabla ya chai ya saa nne.

Nilimpigia Baba kumpa moyo. Nikamwambia wanatafuta miongoni mwa wafalme wanaotazama kulia. Baba akasema, "Kulia?"

Nikasema ndiyo, kulia.

"Nani kakwambia? Huyu hajawahi kutazama kulia hata siku moja. Mimi nikimshika hivi, mfuko huu hapa, pua inakuja kwenye gumba langu. Anatazama kushoto. Amegeuka lini?"

Nikataka kumbishia kwamba picha imeonyesha wazi. Nikaishika sarafu yenyewe chini ya taa. Nikapigwa na butwaa. Nilichompigia picha yule dada ni chapa! Shimo! Uji uliobonyezwa na sarafu, ambao kila kitu chake kimegeuka, kulia kushoto, kushoto kulia. Tena mwanga wa pembeni una ujanja wake, shimo kwenye picha linaonekana kama kitu kilichovimba. Miaka yote hii kazini tunawatumia madaktari wa meno picha za chapa, nao wanajua ni chapa, hakuna anayeuliza. Mkono ulijiendea wenyewe. Mtoto wa mwaka wa kwanza wa fani hangefanya hivyo. Mimi nimefanya, na kwa ajili ya Baba yangu!

Nikashusha ile plasta rafuni. Mzima, ametulia, anatazama kushoto. Bosi alipoelewa alikaa chini kwenye ndoo akacheka kimya kimya, mabega yanaruka. Kisha akafuta machozi akaniambia nifanye na upande wa pili. Nikasema upande wa pili ni meza. Akasema, "Baba yako alisema meza. Plasta imesema nini?"

Nikaufanya. Nikamimina plasta, nikangoja, nikabandua. Ina miguu minne, kweli. Lakini meza gani hii yenye mgongo? Nimetuma picha zote mbili na maelezo marefu ya kuomba radhi. Yule dada kajibu neno moja: "Subiri."

Jumatatu, 16 Septemba

Hakuandika. Alipiga simu! Nilikuwa na nta ya moto mkononi, nikaibwaga.

Akasema, "Dada yangu, hiyo si meza. Hiyo ni mbwa mwitu jike."

Nikaketi. Amenieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kichwa si cha mfalme. Wala si cha mwanamume! Ni mwanamke aliyevaa kofia ya chuma ya vita, na wala si malkia wala mke wa mtu, ni mji wenyewe wa Roma, waliouchora kama mwanamke. Ndiyo maana hakumwona miongoni mwa wafalme. Nyuma ni mbwa mwitu amesimama, juu ya mgongo wake kulikuwa na nyota mbili, moja bado inaonekana ukijua pa kutazama. Na vile vyungu viwili ni watoto. Pacha, wavulana. Hadithi yao Warumi ni kwamba walitupwa mtoni wakiwa wachanga, mbwa mwitu akawakuta, akawanyonyesha. Sarafu ilipigwa zama za Konstantino. Karibu miaka elfu na mia saba.

Nikamwuliza kama ni adimu. Akacheka, akasema wanalo boksi zima, wanazichota kama maharage. Nimefurahi! Kitu adimu kingetutia wasiwasi. Hiki kilinunua mkate, kikashikwa na mikono ya watu wasio na jina, mpaka kikafika kwa Baba.

Niliomba radhi tena kuhusu chapa. Akasema yeye ndiye wa kuomba radhi, angeuliza mapema. Tukabaki tunaombana radhi mpaka ikawa kichekesho. Sijui nitamshukuruje. Hana jino bovu hata moja, nimeshamwangalia.

Sijamwambia Baba. Kwa simu itakuwa maneno tu. Nataka amwone.

Jumanne, 17 Septemba

Bosi amenipa siku nzima. Amebeba kazi zangu mwenyewe, meno ya watu wawili, akanikataza kumshukuru. Nimechonga mbwa mwitu kwa nta, mkubwa kiasi cha kisosi, nikifuata plasta mstari kwa mstari. Palipofutika nimeacha pamefutika, sikutaka kumdanganya Baba kwa kuongeza. Kisha nikammwaga kwa plastiki ile ile ya kutengenezea fizi. Rangi iliyokuwepo ni moja tu. Kwa hiyo mbwa mwitu wa Roma ana rangi ya fizi yenye afya!

Bosi kamgeuza, kamkagua, kasema hajawahi kuona kazi safi hivi isiyotafuna. Kutoka kwake hiyo ni medali.

Jumatano, 18 Septemba

Kesho ni kesho. Leo nataka niandike yote nisisahau.

Baba ameketi kitandani. Ma'mdogo anakunja nguo za hospitali. Kaka yuko kwenye simu, sauti imefunguliwa, kwa sababu kazini kwake amenyimwa ruhusa na imemuuma sana. Nikamrudishia Baba sarafu yake, akaitia mfukoni, nikamwekea kisosi changu mapajani, nikamwambia hii ndiyo meza yako, nimeikuza. Sikusema zaidi.

Akapapasa. Miguu minne, akahesabu, akatikisa kichwa kwa ushindi. "Meza yangu hii." Vidole vikapanda. Vikasimama.

"Meza ina masikio!"

Ma'mdogo akaacha kukunja. Baba akarudi chini, kwenye vyungu. Akapapasa kimoja, akapapasa cha pili, uso unabadilika. "Jamani. Vyungu vina matako."

Kaka aliangua kicheko kwenye simu. Mimi nikashindwa kucheka. Baba alikuwa amefika kwenye vinywa, na pale vinywa vilipogusa. Akabaki hapo na kidole kimoja.

"Wananyonya," akasema.

Ndipo nikamweleza yote. Roma, kofia ya chuma, mto, watoto waliotupwa. Kwamba mbwa mwitu hakuwazaa, aliwakuta tu. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakumbuka kichwa, akaona haya, akaitoa sarafu mfukoni na kuiambia, "Mama, nisamehe. Nimekuita Kipara."

"Kumbe mwanamke!" Ma'mdogo akadakia. "Miaka yote kuna mwanamke mfukoni, na mimi nimekaa hapa namshonea chumba!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kicheko kilipotulia kaka akasema kwenye simu, taratibu: "Lakini huyo wa nyuma tunamjua. Watoto wawili, tena si wake."

Ma'mdogo akakung'uta shati lisilo na vumbi. Akasema, "Mimi mbwa mwitu? Asante sana, mwanangu. Ndiyo shukrani zenyewe." Akaenda jikoni. Tukasikia bomba linamwagika muda mrefu.

Nilimfuata. Alikuwa anaosha sufuria iliyokuwa safi. Akaniambia bila kugeuka kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa simezi. Kila tonge nalificha shavuni, mchana mpaka jioni, nikimngoja mama yangu arudi ndipo nile. Alikuwa ananikalisha mapajani, anangoja. Hakunilazimisha. Siku niliyomeza alikwenda nyuma ya nyumba akalia, na Baba akadhani wamegombana.

Sikulijua hilo. Hakuna aliyewahi kuniambia. Na mimi, kazi yangu yote ni kuwasaidia watu watafune!

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nikasema asante kwa kunilea, asante kwa kungoja, kila nilicho nacho kimepitia mapajani mwako. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nasi tumekaa tunalisema kwenye sherehe za watu wengine. Akanitazama, akanipa kitambaa. Nikadhani ni cha machozi.

"Haya, kausha vyombo," akasema. Lakini hakuondoka. Alisimama bega lake kwenye bega langu mpaka kijiko cha mwisho.

Alhamisi, 19 Septemba

Kaingizwa. Katoka. Daktari anasema mikono yake imefanya yake, sasa ni zamu ya jicho. Kitambaa kitafunguliwa kesho. Baba amelala na mbwa mwitu wa fizi chini ya mto. Muuguzi aliuliza kama ni meno yake, Ma'mdogo akasema ndiyo, ya kung'atia wanaouliza.

Namshukuru Mungu amelala. Namshukuru aliyemlaza. Nimechoka, siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 20 Septemba

Naandikia kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha kufungulia. Mwandiko mbaya, daftari nimeliweka magotini.

Tumemsindikiza Baba kutoka wodini, mimi na Ma'mdogo. Nilikuwa nimejiandaa. Sarafu aliyoniachia alipoingia upasuaji nimeifuta kwa kitambaa laini, na taa yangu ndogo ya kazini ninayo, nikajua ataitaka mara tu akifumbua. Wiki hizi zote si hilo tu? Muuguzi akasema aingie mmoja. Nikasimama, sarafu kiganjani. Baba, aliyekwisha kuketishwa ndani, akasikia viatu vyangu.

"Wewe kaa na hiyo," akasema. "Hiyo nimeshaiona. Niitie mama yenu."

Ma'mdogo alikuwa amesimama pale pale, hatua moja. Hakusogea. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya maishani mwangu: akaniuliza, kwa kunong'ona, anaonekanaje. Bibi wa miaka sabini! Akasema Baba hajamwona vizuri muda mrefu sana, tangu hajaota mvi hizi za mbele, na huku mdomoni hakukuwa na mikunjo. Nikamrekebisha kitambaa cha kichwa. Nikamwambia anapendeza. Akasema mimi mwongo, akaingia.

Mlango haukufungwa vizuri. Sioni, ila nasikia. Mkasi. Plasta ya kubandika inachanika polepole. Muuguzi anamwambia, mzee, fumbua taratibu, usikaze. Kiti kinakwaruza sakafu, kuna mtu anakisogeza karibu.

Muuguzi anauliza, "Mzee, unaona nini?"

Baba hajibu. Sarafu imeshika joto mkononi mwangu, na sijui kwa nini nimeikaza hivi. Sasa Ma'mdogo ndiye anayesema, kwa sauti ambayo siijui:

"Sema kweli, mume wangu. Hata kama nimezeeka —"